Pumba na Mchele: Historia ya Kichujio cha Barua Taka

Barua taka ni barua pepe ambayo mpokeaji hakuiomba, iliyotumwa kwa watu wengi kwa mkupuo mmoja, mara nyingi na mtu anayeficha jina lake. Kichujio ni programu inayosimama mlangoni pa kikasha cha mpokeaji na kuamua barua ipi ipite, ipi iwekwe kando na ipi irudishwe ilikotoka. Kazi hiyo ina historia ya karibu nusu karne, na muda wote huo watengenezaji wake wamevutwa na haja mbili zinazokinzana: kukamata taka nyingi iwezekanavyo, na kutopoteza hata barua moja ya kweli. Anayepepeta mchele kwa pupa humwaga punje pamoja na pumba. Katika barua, punje iliyomwagwa inaweza kuwa wito wa usaili wa kazi au habari ya msiba, na mwenyewe asijue kamwe kwamba iliandikwa.

Tatizo liliandikwa kabla halijawapata watu. Novemba 1975, Jon Postel, mmoja wa wahandisi wa ARPANET, mtandao wa utafiti uliogharamiwa na Wizara ya Ulinzi ya Marekani, alitoa waraka mfupi wenye namba 706 kuhusu ujumbe usiotakiwa. Hoja yake ilikuwa ya kifundi na ya wazi. Kompyuta iliyounganishwa na mtandao huo haikuwa na njia ya kumkataa mtumaji fulani. Kila kilicholetwa ilibidi kipokelewe, hata kama kilitoka kwenye kompyuta mbovu inayorudia ujumbe uleule bila kukoma. Postel alipendekeza kwamba mpokeaji aweze kuwakataa watumaji wanaokosea au wanaokera tu. Pendekezo lilikuwa la kurasa mbili hivi, na utekelezaji wake umechukua miaka yote iliyofuata.

Taka ya kwanza inayojulikana ilikuja baada ya miaka miwili na nusu, na ilitumwa na mtu mwenye akili timamu. Mwanzoni mwa Mei 1978, Gary Thuerk, mtu wa masoko katika kampuni ya kompyuta ya Digital Equipment Corporation, alitaka kuwaalika wateja wa upande wa magharibi wa Marekani kwenye maonyesho ya kompyuta mpya huko California. Watumiaji wa ARPANET walikuwa wachache kiasi kwamba anwani zao zilichapishwa kwenye kitabu, kama kile cha namba za simu. Anwani karibu 400 zilinakiliwa kutoka kitabuni na kuchapwa moja moja. Programu ya barua ilikuwa na nafasi ya anwani 320 hivi. Zilizozidi zikamwagikia ndani ya barua yenyewe, na waliopokea wakalazimika kupita kwenye msitu wa majina kabla ya kuufikia mwaliko. Malalamiko yalianza papo hapo. Ofisi ya jeshi iliyosimamia mtandao ilitamka kwamba masharti yamevunjwa waziwazi, kwani ARPANET ilikuwa kwa shughuli rasmi za serikali ya Marekani. Kampuni ilikaripiwa, na karipio hilo ndilo lililokuwa kichujio cha zama zile: jamii ndogo ya watu wanaofahamiana, ambamo mkosaji anajulikana jina, ofisi na mkubwa wake wa kazi.

Jamii hiyo ilipokua, karipio lilipoteza nguvu, na mfumo mpya wa barua haukuweka kitu mahali pake. Agosti 1982 Postel huyohuyo alichapisha itifaki ya SMTP, yaani kanuni ambazo seva za barua hutumia kupokezana barua hadi leo. Kanuni hizo zilitungwa kwa ajili ya watu wanaoaminiana. Seva inayotuma hutaja jina la mtumaji, na seva inayopokea huandika kilichotajwa bila kuuliza uthibitisho, kama vile karani wa posta asivyodai kitambulisho cha mtu aliyeandika jina lake nyuma ya bahasha. Ilikuwa njia nyepesi, ikaenea duniani kote kwa sababu ya wepesi wake. Lakini karibu kila udanganyifu wa barua pepe uliokuja baadaye ulipitia tundu hilo moja.

Mwaka huohuo Peter Denning, aliyekuwa rais wa ACM, chama cha wanasayansi wa kompyuta, aliandika katika jarida la chama kwamba juhudi nyingi zimewekwa kwenye kuzalisha habari kuliko kwenye kuzipokea, na akapendekeza njia za kuchuja. Katikati ya muongo huo Thomas Malone na wenzake katika chuo cha MIT walitengeneza programu iliyoitwa Information Lens, ambayo ilimruhusu mtu asiyejua kuandika programu kujitungia kanuni za aina ya "ikiwa barua imetoka kwa fulani na inahusu mkutano, basi iwekwe kwenye folda ya mikutano". Muundo huo wa sharti na tendo ndio bado unaoonekana katika kila huduma ya barua pepe. Malone na wenzake hawakuwa wakipigana na matapeli. Walitaka mtafiti mwenye barua nyingi za kazi aone kwanza zile zenye uzito.

Jina la Kiingereza la taka hizi, spam, lilitoka jikoni. SPAM ni nyama ya kopo iliyoanza kuuzwa na kampuni ya Hormel ya Marekani mwaka 1937, na Waingereza waliila sana wakati wa mgawo wa chakula katika Vita Kuu ya Pili. Mwaka 1970 wachekeshaji wa Monty Python walionyesha mkahawa ambamo kila chakula kina nyama hiyo, na jina lake linarudiwa kwa sauti kubwa hadi mazungumzo mengine yote yanazama. Watumiaji wa kompyuta waliipenda picha hiyo ya kelele inayozamisha maneno. Machi 1993, programu yenye kasoro iliporusha ujumbe takribani 200 kwenye Usenet, mtandao wa mabaraza ya majadiliano, watu waliuita kwa jina hilo. Kiswahili kimechagua neno linalosema moja kwa moja: taka, kitu cha kufagiwa.

Biashara ya taka ilijitangaza rasmi Aprili 1994. Mawakili wawili wa Phoenix, Arizona, Laurence Canter na Martha Siegel, walitangaza katika maelfu ya mabaraza ya Usenet huduma ya kuwajazia watu fomu za bahati nasibu ya Green Card, ileile ambayo vijana wengi wa Kenya wamewahi kuicheza. Hasira za wasomaji zilikuwa kubwa kiasi kwamba barua za malalamiko ziliiangusha mara kadhaa seva ya kampuni iliyowapa mawakili hao intaneti. Arnt Gulbrandsen wa Norwei aliandika programu iliyofuta matangazo yao kila yalipojitokeza. Mawakili hawakutahayari, waliandika kitabu cha kuwafundisha wengine njia hiyo. Canter alifutwa katika orodha ya mawakili wa Tennessee mwaka 1997, na matangazo hayo yalikuwa miongoni mwa sababu, lakini kufikia hapo somo lao lilikuwa limekwisha kupata wanafunzi wengi. Kutuma barua milioni moja kuligharimu karibu sawa na kutuma barua kumi. Gharama iliyobaki, ya kupakua, kuhifadhi na kufuta, ilimwangukia mpokeaji.

Kichujio kilichopata umaarufu mkubwa kwenye seva za Unix kilikuwa procmail, kilichoandikwa na Stephen van den Berg kuanzia mwaka 1990. Mtumiaji alitunga faili la kanuni ambazo zenyewe ziliitwa mapishi. Kila pishi lilikuwa na sharti, kwa mfano maneno fulani kwenye mstari wa mada, na tendo, kwa mfano kuipeleka barua kwenye folda fulani au kuitupa moja kwa moja. Aliyejua kuandika mapishi hayo alijisikia ana bawabu hodari. Hata hivyo, kosa la nukta moja lilitosha kuzipeleka barua zote shimoni bila kuacha alama, na mafundi wenye busara walijifunza mapema kutotupa kitu: barua inayoshukiwa iliwekwa pembeni, mwenyewe akaipitia kwa macho kabla ya kuifuta. Folda ya taka inayoonekana leo katika kila kikasha ni urithi wa tahadhari hiyo.

Udhaifu wa vichujio vya maneno ulionekana haraka. Neno halina hatia wala kosa likiwa peke yake, na kompyuta inayosaka mfuatano wa herufi haijui neno linaanzia wapi wala linaishia wapi. Dawa ya Cialis ilipoanza kutangazwa kwenye mamilioni ya barua, vichujio vilivyozuia jina hilo vilizuia pia neno la Kiingereza "specialist", kwa kuwa jina la dawa limo ndani yake. Mwaka 1996 wakazi wa mji wa Scunthorpe nchini Uingereza walishindwa kujisajili na huduma ya intaneti ya AOL kwa sababu jina la mji wao limebeba herufi za tusi. Kiswahili kina mtego wake wa namna hiyo: "mashitaka", neno la kawaida katika barua yoyote ya wakili au mahakama, limebeba herufi nne ambazo kichujio cha matusi ya Kiingereza hutafuta. Hakimu, mwendesha mashitaka na mshitakiwa wangezuiwa wote pamoja.

Wengine waliona heri kuacha kusoma barua na kumtazama aliyeileta. Mwaka 1997 Paul Vixie, mhandisi wa California, alianza kugawa orodha ya namba za kompyuta zilizojulikana kutuma au kuhifadhi taka. Seva yoyote duniani iliweza kuiuliza orodha hiyo kwa sekunde chache kabla ya kupokea barua. Kama namba ya mtumaji imo, mlango ulifungwa. Mwaka 1998 Steve Linford alianzisha Spamhaus jijini London kwa kazi kama hiyo, na orodha zake hadi leo hutumiwa na seva nyingi mno. Watumaji taka walipigana nazo mahakamani na mtandaoni. Kampuni moja ya barua za matangazo ilipewa na mahakama ya Illinois, mwaka 2006, fidia ya dola zaidi ya milioni 11 dhidi ya Spamhaus ambayo haikuwa imetetea kesi hadi mwisho; rufaa zilipokwisha mwaka 2011, fidia ilibaki dola 3. Machi 2013 Spamhaus ilishambuliwa kwa wingi wa data uliofikia gigabiti 300 hivi kwa sekunde, shambulio kubwa kuliko mengi yaliyokuwa yametangazwa hadi wakati huo.

Orodha zilifanya kazi vizuri, lakini zilipiga pia wasiohusika. Siku zile seva nyingi zilikuwa zimeachwa wazi, zikipokea barua kutoka kwa yeyote na kuipeleka popote, na mtumaji taka alipopita kwenye seva kama hiyo, chuo au ofisi yenye seva ndiyo iliyoingia orodhani. Wapo wasimamizi waliozuia nchi nzima, Nigeria ikiwa miongoni mwa zilizotajwa sana kwa sababu ya zile barua za utapeli ziitwazo 419, kufuatana na kifungu cha sheria ya jinai ya nchi hiyo. Mwanafunzi aliyeomba nafasi ya masomo kutoka nchi iliyofungiwa hakuwa na wa kumlalamikia. Kosa la jirani wa mtandao lilikuwa limemfungia mlango asioujua.

Afrika Mashariki ilionja gharama za taka kwa namna ambayo waliokuwa na waya wa bei nafuu hawakuijua. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 asasi kadhaa za Nairobi zilituma barua kwa FidoNet: barua zilikusanywa, zikabanwa, kisha zikasafirishwa kwa simu za kimataifa kwa awamu, na kila kilobaiti ilikuwa na bei. Intaneti kamili ilipofika, ilipita kwenye setilaiti hadi Julai 2009, nyaya za chini ya bahari za SEACOM zilipowashwa kuanzia pwani ya Mombasa na Dar es Salaam. Katikati ya vipindi hivyo ndipo zilipostawi intaneti kafe, ambazo Wakenya waliziita saiba. Mteja alilipa kwa dakika. Kikasha cha Hotmail kilikuwa na megabaiti 2 tu na cha Yahoo 4, hadi ushindani wa mwaka 2004 ulipovipanua. Aliyekosa kufungua barua zake kwa wiki mbili aliweza kukuta kikasha kimejaa matangazo ya dawa na mikopo, na barua aliyoingoja imerudishwa kwa mtumaji kwa kukosa nafasi. Dakika za kwanza za muda aliolipia zilikwisha kwa kufuta. Kwa mtu huyo kichujio hakikuwa anasa ya ofisi. Kilikuwa nauli ya kurudi nyumbani.

Hatua kubwa zaidi katika historia hii ilitokana na hesabu ya uwezekano. Msingi wake ni kanuni ya Thomas Bayes, kasisi Mwingereza aliyefariki mwaka 1761 na ambaye insha yake ilichapishwa miaka miwili baada ya kifo chake. Kanuni hiyo inaeleza jinsi ya kurekebisha dhana kila ushahidi mpya unapopatikana. Mwaka 1998 Mehran Sahami wa Stanford, pamoja na watafiti watatu wa Microsoft, waliitumia kwa barua taka. Badala ya kuiambia kompyuta maneno mabaya ni yapi, waliipa barua zilizokwisha kutengwa na watu na kuiacha ijihesabie. Ilizingatia pia ishara nyingine, kama wingi wa alama zisizo herufi wala tarakimu kwenye mstari wa mada na saa ya kufika, kwani taka nyingi zilitumwa usiku. Jambo moja katika kazi yao linastahili kukumbukwa: barua haikuhesabiwa kuwa taka mpaka programu iwe na uhakika wa asilimia 99.9. Waliandika katika hesabu kile ambacho watunga mapishi walikuwa wamekigundua kwa machungu, kwamba kumpoteza rafiki ni hasara kubwa kuliko kumvumilia mchuuzi.

Wazo hilo lilibaki kwa wataalamu hadi Agosti 2002, Paul Graham, mwandishi na mtunga programu, alipochapisha makala iitwayo A Plan for Spam. Alichukua barua zake njema 4,000 na taka 4,000 hivi, akahesabu kila neno limetokea mara ngapi upande huu na upande ule, akalipa kila neno alama kati ya sifuri na moja. Barua mpya ilipofika, programu iliyatazama maneno 15 tu yenye kuegemea zaidi upande mmoja, ikayachanganya na kutoa uamuzi. Maneno ya barua njema aliyahesabu mara mbili, kwa makusudi, ili mizani iegemee upande wa kuachilia. Taka zilizoponyoka hazikufika 5 kwa kila 1,000, na hakuna barua njema iliyokamatwa. Graham aligundua kwamba "ff0000", msimbo wa rangi nyekundu iliyokoza, ulishitaki barua kwa nguvu sawa na neno lolote la ponografia. Hakuna mtu ambaye angeliweka hilo kwenye orodha yake ya maneno yaliyokatazwa.

Kwa msomaji wa Kiswahili mbinu hii ilikuwa na maana ya pekee. Vichujio vya maneno viliandikwa kwa Kiingereza na kwa ajili ya maudhi ya Kiingereza. Kichujio cha Bayes hakijui lugha yoyote. Kinajifunza kwa mwenyewe. Neno ambalo hakijawahi kuliona, Graham alilipa alama 0.4, yaani kuliamini kidogo kuliko kulishuku. Mtu ambaye barua zake zinajaa "mchango", "harusi", "ada" na "mjomba" angekuwa na kichujio kinachoyachukua maneno hayo kama dhamana, na tapeli wa mbali asingeweza kuyakisia. Ndiyo sababu vikasha viwili vilivyofunzwa na watu wawili vilitoa hukumu tofauti juu ya barua moja, na vyote viwili vikawa sahihi.

Programu zilifuatana upesi. POPFile ya John Graham-Cumming na SpamBayes zilitokea mwaka 2002, na programu ya barua ya Mozilla ikapata uwezo huo mwaka uliofuata. SpamBayes iliongeza kitu kidogo chenye hekima nyingi: mbali na folda ya barua njema na ya taka, ilikuwa na folda ya tatu ya zile ambazo programu yenyewe ilikiri kutokuwa na uhakika nazo. Wakati huohuo SpamAssassin, iliyoanzishwa na Justin Mason mwaka 2001, iliunganisha mbinu zote. Kila kipimo, kiwe cha maneno, cha orodha au cha Bayes, kilitoa pointi, na barua iliyofikisha pointi 5 iliwekewa alama ya taka. Msimamizi wa seva aliweza kuongeza au kupunguza pointi hizo, na hata kutaja lugha ambazo watu wake huandikiana. Kiswahili kimo katika orodha ya lugha hizo kwa alama "sw".

Watumaji taka nao hawakulala. Waliandika "V1agra" kwa tarakimu, wakaficha herufi nyeupe juu ya karatasi nyeupe, wakabandika chini ya matangazo aya nzima zilizoibwa vitabuni ili maneno mema yazidi mabaya. Mwaka 2006 walihamishia tangazo lote ndani ya picha, ambamo kichujio hakioni neno hata moja. Mafundi wakajibu kwa programu za kusoma maandishi yaliyomo pichani. Kila pigo lilileta mbinu, na kila mbinu pigo jipya.

Kilichowatia nguvu watumaji taka ni hesabu ya faida. Mwaka 2008 watafiti wa vyuo vya San Diego na Berkeley, California, walijipenyeza katika Storm, jeshi la kompyuta za watu zilizoambukizwa virusi na kutumikishwa bila wenyewe kujua. Walifuatilia barua karibu milioni 350 za kutangaza dawa, kwa siku 26, wakahesabu waliofika hatua ya kununua. Walikuwa watu 28. Mauzo yote yalizidi kidogo dola 2,700. Mkulima asingepanda mbegu ya namna hiyo, lakini mbegu hapa zilikuwa za bure na shamba lilikuwa la mwingine. Kwa sababu majeshi hayo yaliongozwa kutoka sehemu chache, baadhi yalipigika kwa mpigo mmoja: Novemba 11, 2008, kampuni ya McColo ya San José, California, iliyokuwa ikihifadhi seva za kuyaongoza, ilikatiwa intaneti, na taka duniani zikapungua kwa takribani theluthi mbili kwa usiku mmoja. Ziliongezeka tena baada ya miezi michache.

Sheria zilisaidia kidogo. Marekani ilipitisha ya kwake Desemba 2003, ikiruhusu kutuma mpaka mpokeaji akatae. Umoja wa Ulaya, kwa agizo la mwaka 2002, ulikuwa umedai ridhaa kwanza, na msimamo huo ndio unaomheshimu mpokeaji. Tanzania iligusa ujumbe usioombwa katika Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, na Kenya ikadhibiti matumizi ya taarifa za watu kibiashara katika Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019. Kufikia hapo sehemu kubwa ya matapeli wa ukanda huu ilikuwa imehamia kwenye simu, na hakuna kichujio cha barua pepe kinachomkinga mtu na ujumbe mfupi wa "ile pesa itume kwenye namba hii".

Tundu la mwaka 1982 lilianza kuzibwa baada ya miaka zaidi ya ishirini, kwa njia tatu zinazokamilishana. SPF, iliyoanza kuenea mwaka 2004, humwezesha mwenye kikoa, yaani jina linalofuata alama ya @ katika anwani, kutangaza seva zipi zina ruhusa ya kutuma kwa jina lake. DKIM, iliyotokana kwa sehemu na kazi ya Yahoo na kuwa kanuni rasmi mwaka 2007, huigonga barua muhuri wa kihesabu. Ikibadilishwa neno njiani, muhuri haulingani. DMARC, iliyotangazwa Januari 2012, humwambia mpokeaji afanye nini barua ikishindwa vipimo hivyo: aiache, aiweke kando, au aikatae. Barua ya kijijini huaminiwa kwa muhuri wa mtendaji, na kwa mara ya kwanza barua pepe nayo ilikuwa na kitu cha kukaguliwa. Muhuri hausemi kwamba mtumaji ni mwema. Unasema ni nani, na jina linalothibitika linaweza kujengewa sifa au kuipoteza.

Huduma kubwa ndizo zilizovuna zaidi. Gmail, iliyofunguliwa Aprili 1, 2004 kwa gigabaiti moja ya nafasi, ilimpa kila mtumiaji kitufe cha kuripoti taka, na ripoti za mamilioni ya watu zikawa darasa moja kubwa. Mwaka 2015 Google ilieleza kwamba imeanza kutumia mitandao ya neva bandia, na ikasema taka zinazofika kikashani hazizidi asilimia 0.1, huku barua njema zinazopotelea kwenye folda ya taka zikiwa chini ya asilimia 0.05. Kilichopotea katika mabadiliko hayo ni ule ubinafsi wa kichujio cha Graham: hukumu sasa hutokana zaidi na kauli ya wengi, na aliyeandika kwa lugha ya wachache, kutoka kikoa kipya kisicho na sifa, huanza akiwa mgeni.

Oktoba 2023 Google na Yahoo zilitangaza masharti yaliyoanza kutumika Februari 2024. Anayetuma barua 5,000 au zaidi kwa siku kwenda Gmail sharti awe na SPF, DKIM na DMARC, aweke kitufe cha kujiondoa kwa kubofya mara moja kwenye barua za matangazo, na malalamiko dhidi yake yasifikie 3 kwa kila barua 1,000. Asiyetimiza hukataliwa mlangoni. Ni pendekezo la Postel la mwaka 1975, sasa likiwa na meno, ingawa meno yenyewe yako kinywani mwa kampuni chache.

Kanuni za mtu binafsi hazijafutika. Katika mipangilio ya huduma nyingi za barua mtumiaji bado hujaza sharti, kama anwani ya mtumaji au neno la mada, kisha huchagua tendo, kwa muundo uleule wa Malone. Matumizi yake ndiyo yaliyogeuka. Kumzuia mtumaji taka kwa anwani hakufai sana, kwa kuwa kesho anatumia nyingine. Anwani inayodumu ni ya shule, benki, mwajiri au ndugu. Kwa hiyo kanuni yenye manufaa kuliko zote leo ni ile inayotaja anwani hizo na kuamuru barua zake zisipelekwe kamwe kwenye folda ya taka. Asiye na kanuni hiyo hana budi kuifungua folda mwenyewe mara kwa mara: Gmail hufuta kila kilichomo baada ya siku 30.